Jinsi saa za intaneti zilivyogeuzwa kuwa silaha ya wavamizi

TARAKILISHI haina jogoo wa kuijulisha kwamba kumekucha. Hutegemea saa ndogo iliyomo ndani yake, ambayo hukimbia au huchelewa kidogo kidogo kila siku kutokana na joto, umri na ubora wa vipuri vyake.

Ili mashine hizo ziafikiane kuhusu wakati, huwasiliana kwa utaratibu unaofahamika kwa kifupi kama NTP, yaani itifaki ya wakati wa mtandao. Programu iliyotumika kwa miaka mingi zaidi kutekeleza utaratibu huo huitwa ntpd, nayo ndiyo iliyopatikana na kasoro ya kiusalama iliyosajiliwa kwa nambari CVE-2013-5211.

Kasoro hiyo haikuiba nywila wala kufuta faili za mtu. Iliwapa wavamizi uwezo wa kunong'ona neno moja na kulifanya lisikike kama ngurumo katika mlango wa mtu mwingine.

Mnamo Februari 2014, ngurumo hiyo ilifikia karibu gigabiti 400 kwa sekunde na kuwa mojawapo ya mashambulizi makubwa zaidi yaliyokuwa yameshuhudiwa katika intaneti hadi wakati huo.

Chimbuko la NTP

Itifaki ya NTP ilibuniwa na Profesa David L. Mills, Mmarekani aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware. Maelezo yake rasmi ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1985, na hivyo ni miongoni mwa itifaki kongwe zaidi za intaneti ambazo zingali zinatumika.

Toleo la tatu lilitolewa mwaka wa 1992, na la nne, linalotumika hadi sasa, likaidhinishwa mwaka wa 2010. Prof Mills, ambaye alikuwa na matatizo ya macho kwa muda mrefu wa maisha yake, aliaga dunia Januari 17, 2024 akiwa na umri wa miaka 85.

Mfumo alioubuni umepangwa kwa ngazi. Katika ngazi ya sifuri mna vyombo vyenyewe vya kupima wakati, kama vile saa za atomi na vipokezi vya mawimbi ya setilaiti za GPS.

Ngazi ya kwanza ni seva zilizounganishwa moja kwa moja na vyombo hivyo. Ngazi ya pili huuliza wakati kutoka kwa ya kwanza, ya tatu kutoka kwa ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya 15. Mashine iliyotiwa alama ya 16 huhesabiwa kuwa haina saa ya kuaminika.

Seva hizo zote huhesabu kwa wakati wa kimataifa wa UTC. Tarakilishi iliyoko Nairobi, Mombasa au Kisumu hupokea wakati huohuo, kisha ikaongeza saa tatu ili kupata saa za Afrika Mashariki.

Jinsi saa zinavyosawazishwa

Kuuliza saa kupitia mtandao si jambo rahisi, kwa kuwa jibu lenyewe huchukua muda njiani. Prof Mills alitatua tatizo hilo kwa kutumia nyakati nne: wakati swali lilipotumwa, wakati lilipopokelewa na seva, wakati jibu lilipotumwa, na wakati lilipopokelewa na aliyeuliza.

Chukua mfano wa tarakilishi ambayo saa yake iko nyuma kwa sekunde 10, na safari ya ujumbe ni sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi. Kwa saa yake yenyewe, swali linatoka katika sekunde ya 0 na jibu linarudi katika sekunde ya 2.

Seva nayo inaandika kwamba ilipokea na kujibu katika sekunde ya 11. Tofauti ya kwenda ni 11 na ya kurudi ni 9. Zikijumlishwa na kugawanywa kwa mbili, jibu ni 10. Tarakilishi inajua kwamba imechelewa kwa sekunde 10 ijapokuwa haikuambiwa urefu wa safari.

Hesabu hiyo hufanywa mara kwa mara, bila mwenye mashine kujua. Ujumbe wa kawaida wa NTP ni mdogo mno, na husafirishwa kwa njia ya UDP kupitia lango nambari 123.

Hapo ndipo penye udhaifu. Katika UDP, mtumaji hatakiwi kubisha hodi na kujitambulisha kwanza kabla ya kusema analotaka. Seva husoma anwani iliyoandikwa juu ya ujumbe na kupeleka jibu huko, bila kuhakikisha kwamba ndiko swali lilikotoka.

Kwa nini wakati ni muhimu

Wasomaji wengi huenda wakauliza kuna hasara gani saa ya seva ikikosea kwa dakika chache. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya usalama wa tarakilishi imejengwa juu ya saa.

Vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli vina tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mvamizi anayeweza kurudisha saa ya mteja nyuma anaweza kumfanya akubali cheti kilichokwisha muda, hata kama ufunguo wake uliibwa zamani.

Nambari za siri za matumizi ya mara moja ambazo hutolewa na programu za simu hubadilika, kwa kawaida, kila baada ya sekunde 30. Saa ya seva ikipotoka, mwenye akaunti hukataliwa kuingia ingawa ameandika nambari sahihi.

Mfumo wa Kerberos, unaotumiwa katika ofisi nyingi kuwatambua wafanyakazi wanapoingia katika tarakilishi zao, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano.

Zaidi ya hayo kuna suala la ushahidi. Mteja anapolalamika kwamba pesa zake zilitolewa usiku wa manane, jambo la kwanza kuangaliwa ni saa iliyorekodiwa. Iwapo mashine tatu zilizohusika zina saa tatu tofauti, huwa vigumu kueleza ni tukio gani lililotangulia na nani alifanya nini.

Ulimwengu ulionjeshwa hatari hiyo Novemba 19, 2012. Seva mbili za kituo cha uangalizi wa anga cha Jeshi la Majini la Marekani, zinazotegemewa na mashirika mengi, zilitangaza kwa muda mfupi kwamba mwaka ulikuwa 2000. Halikuwa shambulizi bali hitilafu, lakini mitandao kadhaa ilivurugika na wafanyakazi wakashindwa kuingia katika mifumo yao.

Amri iliyosahaulika

Kasoro ya CVE-2013-5211 ilitokana na amri ndogo iitwayo monlist. Amri hiyo iliwekwa katika ntpd ili kuwasaidia wasimamizi wa mitandao kuona ni mashine zipi zilizowasiliana na seva yao hivi karibuni.

Seva ikiulizwa swali hilo, hutoa orodha ya anwani za hadi mashine 600. Kampuni ya Cloudflare, inayolinda tovuti dhidi ya mashambulizi, ilieleza kwamba swali lenye ukubwa wa baiti 234 pekee linaweza kuleta pakiti 100 zenye jumla ya zaidi ya baiti 48,000.

Kwa maneno mengine, jibu linalishinda swali kwa zaidi ya mara 200. Kitengo cha dharura za tarakilishi cha serikali ya Marekani, US-CERT, kilikadiria kwamba ukuzaji huo ungeweza kufikia mara 556.9.

Mvamizi alihitaji kufanya mambo mawili tu. Kwanza, aliandika swali la monlist na kulitia anwani ya mtu aliyetaka kumdhuru badala ya anwani yake mwenyewe. Pili, alilituma kwa maelfu ya seva za NTP kwa wakati mmoja.

Ni sawa na mtu anayeagiza magunia ya saruji kutoka kwa maduka elfu moja kwa jina la jirani yake. Wenye maduka hawana nia mbaya, na madereva wa malori hawajui lolote. Lakini kufikia adhuhuri, jirani hawezi kufungua lango lake wala kutoka nje.

Mbinu hiyo huitwa shambulizi la kunyima huduma kwa kukuza majibu. Anayeshambuliwa huona tu mafuriko yakitoka kwa seva halali za vyuo, kampuni na mashirika, huku mhalifu mwenyewe akibaki gizani.

Mashambulizi ya 2013 na 2014

Dalili za kwanza zilionekana mwishoni mwa mwaka wa 2013, pale huduma kadhaa za michezo ya tarakilishi kupitia mtandao zilipozimwa kwa mafuriko ya majibu ya NTP. Januari 13, 2014, US-CERT ilitoa onyo rasmi na kuwataka wasimamizi wa seva kuchukua hatua.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, Februari 10, 2014, mteja mmoja wa Cloudflare alishambuliwa kwa nguvu ya karibu gigabiti 400 kwa sekunde. Kampuni hiyo ilihesabu seva 4,529 za NTP zilizotumiwa, zikiwa katika mitandao 1,298 tofauti.

Kwa wastani, kila seva ilirusha takriban megabiti 87 kwa sekunde. Cloudflare ilisema kuna uwezekano kwamba mvamizi alitumia seva moja tu kuanzisha mafuriko hayo yote.

Ili kuelewa uzito wa tukio hilo, inafaa kulilinganisha na la Machi 2013 dhidi ya shirika la Spamhaus, linalopambana na barua taka. Shambulizi hilo lilifikia takriban gigabiti 300 kwa sekunde na lilihitaji zaidi ya seva 30,000 za majina ya intaneti. Lile la NTP lilikuwa kubwa zaidi, ilhali lilitumia takriban moja kwa saba ya idadi hiyo ya mashine.

Dawa iliyokuwapo kabatini

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imepatikana mapema. Watengenezaji wa ntpd waliiondoa amri ya monlist katika toleo la majaribio nambari 4.2.7p26 la mwaka wa 2010, zaidi ya miaka mitatu kabla ya mashambulizi.

Hata hivyo, toleo hilo lilikuwa la majaribio. Wasimamizi wengi hutumia matoleo yaliyothibitishwa pekee, na toleo la aina hiyo lenye marekebisho, nambari 4.2.8, halikutoka hadi Desemba 2014.

Wakati huohuo, palikuwa na njia rahisi ya kujikinga bila kungoja toleo jipya. Mistari michache katika faili ya mipangilio ilitosha kuizuia seva kujibu maswali ya aina hiyo kutoka kwa watu wa nje, huku ikiendelea kutoa saa kama kawaida.

Tatizo la anwani za kughushi nalo lilikuwa likijulikana kwa muda mrefu. Mwaka wa 2000, wataalamu wa intaneti walichapisha mwongozo unaozishauri kampuni za huduma za intaneti kuzuia ujumbe unaotoka kwa wateja wao ukiwa na anwani zisizo zao. Lau kila kampuni ingeufuata, mashambulizi ya aina hii yasingewezekana.

Lakini gharama ya kuweka kizuizi hicho humwangukia mmoja, ilhali anayefaidika ni mwingine asiyemjua. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mwongozo huo kupuuzwa na wengi.

Hatari kubwa zaidi

Kabla ya mwaka wa 2014 kumalizika, ntpd ilikuwa tena katika vichwa vya habari. Wataalamu wawili wa usalama wa Google, Neel Mehta na Stephen Roettger, waligundua kasoro kadhaa zilizotangazwa mnamo Desemba mwaka huo.

Mara hii hatari haikuwa ya mafuriko. Baadhi ya kasoro hizo zilimwezesha mvamizi aliye mbali kutuma ujumbe mrefu kuliko nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu ya mashine, hivyo maagizo yake yakafurika na kutekelezwa kana kwamba ni sehemu ya programu yenyewe.

Nyingine zilihusu funguo za siri. Iwapo msimamizi hakuweka ufunguo wake mwenyewe, programu ilijitengenezea ufunguo dhaifu ambao ungeweza kukisiwa.

Kampuni ya Apple iliona hatari hiyo kuwa kubwa kiasi kwamba, Desemba 22, 2014, ilisambaza marekebisho kwa tarakilishi za Mac bila kungoja wenyewe wakubali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kutumia uwezo huo.

Kasoro ya kufurika kwa kumbukumbu haikuwa ngeni katika programu hiyo. Aprili 2001, udhaifu wa aina hiyohiyo ulifichuliwa katika ntpd, na ungeweza kumpa mvamizi mamlaka kamili juu ya mashine.

Mnamo Oktoba 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walionyesha mbinu nyingine. NTP ina ujumbe maalumu ambao seva iliyoelemewa huutuma ili kumwambia mteja apunguze maswali. Watafiti hao walithibitisha kwamba mvamizi angeweza kughushi ujumbe huo na kumfanya mteja aache kuuliza saa kwa takriban saa 36.

Aidha, walichunguza kinga ya ntpd ya kukataa kubadilisha saa kwa zaidi ya sekunde 1,000, yaani takriban dakika 16, kwa mkupuo mmoja. Kinga hiyo mara nyingi huondolewa kwa muda mashine inapowashwa upya, na mvamizi mvumilivu angeweza kuvizia wakati huo.

Mzigo wa wachache

Matukio hayo yalizua swali kuhusu nani hasa anayetunza saa za ulimwengu. Ilibainika kwamba programu iliyotegemewa na benki, masoko ya hisa na kampuni za simu ilitunzwa na watu wachache, wakiongozwa na Harlan Stenn wa shirika la Network Time Foundation, tena kwa fedha kidogo.

Hali ilianza kubadilika baada ya kasoro nyingine mashuhuri, Heartbleed, kufichuliwa Aprili 2014. Wakfu wa Linux ulianzisha mpango wa kufadhili programu huria zinazotegemewa na wengi, na NTP ikawa miongoni mwa za kwanza kuchaguliwa.

Kwa upande mwingine, baadhi ya wataalamu waliamua kujenga upya. Mradi wa NTPsec, uliojitokeza mwaka wa 2015, ulichukua msimbo wa ntpd na kuupunguza kwa kiasi kikubwa, kwa hoja kwamba nyumba yenye milango michache ni rahisi kuilinda.

Programu nyingine, chrony, iliandikwa kando na ntpd. Ilipokaguliwa mwaka wa 2017 ilisifiwa kwa usalama wake, na kampuni ya Red Hat ikaifanya kuwa ya pekee ya aina yake katika toleo la 8 la mfumo wake wa kibiashara mwaka wa 2019, na kuiacha ntpd.

Hatua muhimu zaidi ilichukuliwa Septemba 2020, pale viwango vya NTS vilipoidhinishwa. Kupitia viwango hivyo, tarakilishi huthibitisha utambulisho wa seva kwanza, kisha kila jibu likatiwa muhuri wa siri usioweza kughushiwa. Vilevile, majibu hayaruhusiwi kuwa makubwa kuliko maswali, na hivyo kipaza sauti cha wavamizi kinazimwa.

Wanachopaswa kufanya wasimamizi

Kwa shule, hospitali, chama cha ushirika au kampuni yenye seva zake, hatua za kujikinga hazihitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuorodhesha mashine zote zinazotoa saa, zikiwemo ruta, kamera za usalama na vifaa vingine ambavyo huwa na NTP ndani yake bila mwenyewe kufahamu.

La pili ni kuhakikisha kwamba programu zimesasishwa na kwamba seva hazijibu maswali ya usimamizi kutoka nje. Iwapo mashine haikusudiwi kuwapa saa watu wa nje, lango nambari 123 linafaa kufungwa dhidi yao.

La tatu ni kutumia angalau vyanzo vinne vya saa. Mwenye saa moja huiamini hata ikidanganya; mwenye mbili zinazotofautiana hajui aamini ipi. Zikiwa nne, moja ikipotoka hutambulika na kutengwa.

La nne ni kutumia NTS panapowezekana, na kufuatilia saa za seva muhimu ili mabadiliko ya ghafla yatambuliwe mapema.

Kuna pia tarehe ya kuzingatiwa. NTP huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1900, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo itajaa Februari 7, 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Hesabu itaanza upya kutoka sifuri, na vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa huenda vikadhani kwamba mwaka ni 1900.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Amri ya monlist ilikuwa ufa ulioonekana mwaka wa 2010, na gharama ya kuuziba ilikuwa mistari michache ya maandishi. Waliojenga ukuta mwaka wa 2014 hawakuwa wenye seva walioupuuza, bali wale walioletewa mafuriko mlangoni pao.